Kadi Mbili

Mkebe wa biskuti, kifuniko kimeshika kutu,
nimeubandua kwa kisu cha samaki
hapa Funguni, siku ya pili baada ya hitima.
Shangazi Echati alidhani mna dhahabu.
Mna vifungo, sindano ya kofia,
jino la mtu tusiyemjua,
na kadi mbili za posho, rangi mbalimbali.

Ya waridi: *Mbae wa Soilihi, fundi kofia. Mchele.*
Ya kijivu: *Mize binti Pandu. Muhogo.*
Mke na mume.
Nyumba moja, komeo moja bovu.

Vita vilikuwa vya watu wa mbali
lakini njaa iliijua njia ya kuja kwetu.
Karani alichovya kalamu, hakuinua uso:
Kabila?

Babu alikuwa na jibu refu.
Kwamba alizaliwa Mitsamiuli chini ya bendera ya Mfaransa,
kwenye jiwe lililotoka motoni,
kisiwa kisicho na mto, mvua ndiyo kisima.
Kwamba tambarare ilipata mwenyewe kwa mhuri,
ikapandwa milangilangi kwa manukato ya wanawake wa Ulaya,
na wao wakaachiwa mteremko, mbuzi na mawe.
Kwamba alipanda chombo na mkasi mmoja
akaja kushukia bendera nyingine,
maana Mzungu mmoja ukimkimbia
mwenzake anakungoja bandarini na daftari.

Kisanduku cha fomu kilikuwa na upana wa vidole viwili.
Akasema: Mngazija.

Mwafrika, au si Mwafrika?

Foleni ikakohoa.
Swali halikuwa la nasaba, lilikuwa la pishi.
Ningependa kukwambia babu alikunja ngumi.
Hakukunja. Aliangalia kiatu chake cha kushoto
akasema, kidogo kidogo, kama anayetaja maradhi:
Si Mwafrika.

Na bibi yuko nyuma yake, kikapu mkononi, amesikia.

Karani akampunguzia kazi:
Mke humfuata mume. Niandike Mngazija, bibi? Upate mchele?
Andika Mhadimu, bibi akasema.
Makunduchi. Andika kwa herufi kubwa.

Siku saba mafiga yaliinjika vyungu viwili.
Wali wa babu, mweupe, umechambuliwa kokoto moja moja,
akapakuliwa peke yake ukumbini, na maji ya kunawa.
Bibi na watoto uani, muhogo wa chumvi.
Kula, bwana. Serikali imekutambua.
Hakumnunia. Hilo ndilo lililomuumiza:
alimuamkia kila asubuhi kwa Kingazija alichomfundisha mwenyewe,
Jeje?
na yeye, mdomo mkavu, Njema.

Siku ya nane babu alitoka na sinia lake,
akalimwaga lote katika chungu cha muhogo, mbele ya watoto,
akachukua mwiko, akakoroga kama mtu anayechanganya chokaa.
Shangazi, aliyekuwa na miaka sita, anasema
chakula kibaya kama kile hajakila tena duniani.
Wali umepondeka, muhogo una mizizi, chumvi imezidi.
Walikula wote. Bibi aliomba aongezwe.

Bendera zikashuka, nyingine zikapanda.
Maswali yalirudi mara kadhaa, na meza nyingine,
na safari moja jibu lililoleta mchele
ndilo lililomtoa babu kazini.
Hilo shangazi hasimulii. Huinuka kwenda kutazama maji jikoni.

Naigeuza kadi ya waridi.
Nyuma, kwa hati ya Kiarabu, mkono wa fundi,
katikati ya vipimo vya vichwa vya wateja:
*Deni. Mize. Wali wa siku saba.*
Na hapajakatwa mstari.

Mna nini humo? shangazi anauliza kutoka jikoni.
Vifungo, nasema.
Vifungo tu, shangazi.