Muhtasari wa Kikao, Mkomani

Kazi yangu kuandika, si kusema.
Ajenda namba tatu: ndoa na maumbile.
Ukumbi wa shule, viti vya watoto,
magoti ya watu wazima yamefika kidevuni.

Ustadh Shekuwe anafungua: "Hata punda anajua."
Naandika: punda.
Nyuma kabisa Famau anakohoa,
Famau anayewaosha punda vidonda vya shogi kila asubuhi.
"Ustadh, nimekaa nao miaka ishirini.
Niliyoyaona zizini nisiyaseme mbele ya wazee."
Kicheko. Wakili Riziki, aliyeshuka na boti ya saa nne,
anadakia papo hapo: "Mmesikia? Basi ni maumbile!"
Famau anatikisa kichwa.
"Punda dume huua mtoto asiye wake.
Hayo nayo ni maumbile, bibi wakili.
Mwacheni punda. Punda hana kesi hapa."

Naandika yote. Kalamu inakwama.

Asili, anasema mmoja.
Fitra, anasahihisha mwingine.
Mila. Desturi. Kawaida. Kila mtu na lake,
na wote wanataka niandike neno moja.
Mwenye miwani analaani kisichokuwa cha asili,
kisha anaivua, anaipangusa kwa ncha ya kikoi.
Bi Mwanashee ametoa meno ya bandia, kayafunga kwenye leso,
apate kufoka vizuri.
Kipaza sauti kinalia kwiii.
Nacho, nani alikizaa?

Mama alikuwa na shoga yake, Bi Somoe.
Wakisukana, wakigawana wanja,
wakilala mkeka mmoja mchana wa joto.
"Shoga yangu!" mama akiita dirishani,
na mtaa mzima ukajua hilo ni neno la sukari.
Usiku huu limerushwa mara sita
kama kipande cha tofali,
na sijui ni siku gani lilibadilika umbo,
wala ni kikao gani kilichopitisha.

Saa mbili na robo, stima zikapotea.
Kizani hakuna aliyetaja maumbile.
Tulisikia tu Shebwana huko nje
akivuta kamba ya jenereta, mara moja, mara mbili,
Shebwana wa nyuma ya posta,
anayenunua mofa mbili kila alfajiri,
ambaye kizingitini pake vikombe viwili
hufudikizwa kukauka, mwaka wa kumi na moja huu.
Kingine ni cha Athmani Kale, mshona kofia.
Taa ziliporudi nilizihesabu:
kofia saba za mkono wake,
tano kati yake juu ya vichwa vilivyokuwa vikipiga kelele.

Hilo sikuliandika.

"Karani, tusomee."
Nikasoma: Neno maumbile limetajwa mara arubaini na moja.
Halikufasiriwa.
"Futa hiyo!" wakasema wa kulia.
"Futa!" wakasema wa kushoto,
jambo la kwanza walilokubaliana usiku ule.
Nilishika kifutio. Nikakitia mfukoni.

Waliohudhuria: thelathini na wanane.

Mlangoni Shebwana alikuwa akikunja waya,
mikono inanuka petroli.
"Mimi umenihesabu?"
Nikafungua daftari juu ya goti,
nikakata wanane, nikaandika tisa.
Hakutazama.
Aliendelea kukunja,
kiwiko na kiganja, kiwiko na kiganja.