Mtu Ndani ya Buti

Ngo.
Mara moja tu, nikitoa mguu kwenye mafuta.
Ngo, nikiurudisha,
kama mtu aliyefungiwa chini ya kiti cha nyuma
mwenye adabu zake: hapigi hodi mara mbili.

Wiki ya tatu tunalala chini ya Falkoni ya marehemu baba,
mimi na Lautaro, Julai, Olavarría,
vumbi la kiwanda cha saruji limegandiana na barafu kiooni.
Tuliitoa ekseli ya zamani, ile ya gogo moja,
tukatoa springi za mabamba zilizobonyea kama mgongo wa punda,
tukaweka mambo ya kisasa: kila gurudumu na mkono wake,
difu katikati, tuliyoinunua kwa Basualdo wa vyuma chakavu,
aliyeapa kwa watakatifu wawili kwamba ni nzima.
Basi nikaanza na difu, kwa sababu ya hao watakatifu.

Nikaishika propela, nikaizungusha kushoto, kulia:
ulegevu wa upana wa ukucha. Si neno.
Krosi zote mbili hazina kosa.
Bolti za mikono nilizikaza gari likiwa hewani
(hilo langu, nalikiri)
na bushi zikabanwa zikiwa zimejipinda.
Nikalegeza, nikalishusha likakalia uzito wake,
nikakaza upya mpaka spana ya kupimia ikasema basi.
Tukatoka hadi kona ya kinu.
Ngo.

Nikapima pembe kwa pimamaji ya mwashi:
difu digrii tatu juu, giaboksi digrii tatu chini,
zimelingana kama ndugu wasiosemezana.

Ndipo Lautaro akasema, "Nifungie kwenye buti."
Ana miaka kumi na tisa na miguu isiyoisha.
Akajikunja kama shati sandukuni,
tochi mdomoni, nyundo ndogo mkononi.
Tukapatana: ikilia chini yake, agonge mara mbili;
ikilia mbele yake, mara moja.
Nikashika barabara ya machimbo, gia ya pili,
mguu ndani, mguu nje.
Kwenye kivuko cha reli polisi Ferreyra akanisimamisha kunisalimu,
na ndani ya buti yangu mtu akagonga.
Mara moja.
Nilimweleza Ferreyra. Ilichukua muda.

Mbele, kumbe. Wala si kazi yetu mpya.
Nikajiburura chali hadi mkiani mwa giaboksi,
mahali ambapo hatukuwa tumegusa,
nikaikuta mauntini imekatika kama mkate,
mpira kivyake, chuma kivyake,
na katikati baba ameshindilia ngozi
iliyokunjwa mara nne, akaifunga kwa waya.
Miaka yote hiyo springi laini zilimeza kishindo,
zikamsitiri.
Tulipoleta ugumu na usahihi wetu
hakubaki wa kumeza.
Mficha maradhi, husema watu. Yeye kifo kilitangulia,
aibu ikafuata nyuma, kwa spana namba kumi na saba.

Nikakata waya. Nikakunjua ngozi.
Tundu tano na bizimu yenye kutu.
Mkanda wa mkoba wangu wa shule, mwaka themanini na nne,
ule "nilioupoteza njiani",
ulioninyima sinema Jumapili nne mfululizo
huku baba akinihutubia juu ya kutunza vitu,
amesimama, sasa najua, hatua sita kutoka kwenye gari.

Nikacheka palepale chini, tone la mafuta meusi
likaniangukia jinoni.
Lautaro akauliza kuna nini.
Nikamjibu: ushahidi.

Mauntini mpya imefika Jumanne kutoka Azul.
Mguu ndani, mguu nje: kimya.
Ila kwenye rivasi, asubuhi za baridi kali,
kuna kitu chembamba huko nyuma,
tik,
hata sina hakika.
Basualdo na watakatifu wake, nasema.
Lautaro keshafungua buti.