Bila Sita Hutoki

Ludo yetu ilinunuliwa Marikiti, mwaka wa mvua ile
iliyoingia mpaka chumba cha kati.
Upande mmoja ludo, wa pili nyoka na ngazi,
juu yake kioo kilichopasuka pembeni
tukakiziba kwa plasta ya kidonda.
Kete mbili za kijani zilipotea.
Badala ya moja tukaweka kifungo cha kanzu ya marehemu baba,
badala ya nyingine, kokwa la ukwaju,
na kokwa, sijui kwa nini, ndilo lililokuwa likishinda.

Usiku wa Ramadhani, watu wakisharudi tarawehe,
mkeka hutandikwa ukumbini, Kibokoni,
na nyumba nzima ikawa korti.
Shangazi Sauda alikuwa mwizi.
Simsengenyi: mwenyewe akijua, na mtaa ukijua.
Mkono wa buibui ulipita juu ya ubao
kama wa mtu anayefuta makombo ya kaimati;
ukiondoka, kete yake imesogea vyumba vitatu.
"Weye Sauda!"
"Mimi? Haki ya Mungu, ni upepo wa feni!"
Na feni ilikuwa mbovu tangu Shaabani.

Kisha Twalibu akapata sita yake.
Ilikuja kwa jina la viza. Doha.
Miaka miwili, halafu miwili tena.
Bila sita hutoki, ndiyo kanuni,
ila hakuna aliyetufunza kanuni ya wanaobaki.

Akatuma pesa nimnunulie mama simu kubwa.
Nikamtilia ludo ndani.
Ubao wang'aa kama sahani za harusini,
dadu hujirusha, ukiligusa tu,
kete hujihesabia hatua zake zenyewe,
na ukimla mtu, hupigiwa vigelegele
na wanawake usiowajua.
Mama alicheza siku nne.
Shangazi Sauda naye alijaribu:
akasugua kioo kwa kidole, akaiinamisha simu,
mwisho akaipuliza.
Kete haikutikisika.
"Mchezo gani huu," akasema, "kila mtu malaika?"
Siku ya tano mama akailaza simu kifudifudi juu ya mto.

Basi sasa ni hivi, kila Alhamisi usiku.
Mama huutoa ubao uvunguni,
mimi naiegemeza simu kwenye chupa ya chai.
Saa za Doha na zetu ni moja; giza letu ni moja.
Twalibu yuko kitanda cha juu, wenzake watano wamelala,
ana dadu aliloachiwa na Mnepali aliyemaliza mkataba,
hulirusha juu ya kifuniko cha ndoo
na kutaja nambari kwa sauti ya chini.
Mama humsogezea kete.
Kijani ni yake. Kokwa ni lake.

Mara picha huganda, mdomo wa kakangu wazi nusu.
Hapo ndipo nimuonapo mamangu, mwanamke wa swala tano,
akilirudisha kokwa nyuma, vyumba viwili, vitatu,
kisha akinitazama, kidole mdomoni.
Picha ikirudi, Twalibu asema:
"Mama, si nilikuwa mlangoni kabisa?"
"Mtandao, mwanangu. Mtandao huo."
Shangazi Sauda, pale mkekani, ajifunika uso kwa mtandio,
mabega yakitikisika.

Nilidhani mwizi ni mmoja.
Lakini mimi ndiye mshika simu,
na mwezi wa pili huu sijaliona dadu la Twalibu hata mara moja;
kamera haifiki kifunikoni.
Nalisikia tu: linagonga, linaviringika, linatulia.
Kisha kimya, kirefu kuliko cha mtu anayehesabu nukta.
Saa saba inaingia. Chai imepoa.
Kokwa limesimama hatua sita kutoka nyumbani.

"Ngapi, Twalibu?"

"Moja, mama.
Moja tena."