Mwokota Mkuki

Kazi yangu ilikuwa kuokota.
Wengine walirusha; mimi, mtoto wa Zena muuza mahamri,
nilikimbia hadi ulipoangukia
nikaurudisha umesimama, ncha chini,
kama alivyoniamuru yule mtu wa Tobago:
"Mkuki haubebwi kama kuni."

Alishuka Kilindini na meli iliyofungwa na korti,
mabaharia kumi na wanne, miezi saba bila mshahara,
wakila mchele wa sadaka,
Ijumaa wa msikiti, Jumapili wa kanisa.
Wenzake walicheza karata, walilia na simu.
Yeye alipanda hadi uwanja wa reli, Makande,
akatutazama tukipiga mpira wa makaratasi
siku tatu, mikono mfukoni.
Ya nne akaja na mwanzi.

Mwanzi wa kupaulia, wa duka la Mwembe Tayari.
Ncha aliitia Bakuli, fundi wa Shimanzi, bure,
kwa kuwa alicheka hadi machozi:
jitu zima, na ndevu, lataka mkuki!
"Wawinda nguruwe gani hapa bandarini?"
Nasi tukamwita Nguruwe, kwa siri,
mpaka aliporusha.

Hatua tano za ubavu, miguu ikipishana
kama anayevuka mtaro na nguo za Idi;
kisha mguu wa kushoto ukagonga ardhi,
mwili mzima ukakoma,
mkono tu haukupata habari.
Mwanzi ulitetemeka. Ukatulia.
Ukapita juu ya goli, juu ya mbuzi wa mzee Chivatsi,
nami nikasahau kwamba nina miguu.

Sitini na mbili. Hatua zangu, za miaka kumi na mmoja.
Niliporudi alikuwa amekaa chini
ameshika kiwiko, kovu lake refu kama zipu,
na hakuna aliyemwita Nguruwe tena.

Jina lake Winfield. Alitusimulia vipande vipande
kwa Kiswahili cha gatini, matusi yakiwa mengi kuliko vitenzi.
Alianza kwa kuangusha mashelisheli ya jirani.
("Kumbe kwao pia yako!" akasema Kadzo,
na toka hapo Tobago ikawa karibu, ng'ambo ya Likoni.)
Kumi na saba, bingwa wa shule.
Ishirini, ndege, na kulala sakafuni uwanja wa ndege,
mikuki ndani ya bomba la plastiki
ambalo askari wa nchi nne walilifungua.
Ishirini na tatu, mtupo wenyewe.
Watu walisimama. Wapimaji walirudi nyuma.
Bendera ikainuliwa nyekundu.
Kidole kiligusa mstari.
"Kidole hiki," akavua kiatu,
nasi tukainama kukitazama, kidole cha kawaida,
kucha imepinda.

Mtupo uliofutwa haupimwi.
Usiku aliruka ukuta, akalitafuta tundu nyasini
kwa mwanga wa kiberiti,
akapiga hatua: tisini na moja.
"Mita sijui. Hatua najua."
Mwaka uliofuata kiwiko kikakatika
kwa sauti, alisema, kama ya muhogo mkavu.
Baada ya hapo, bahari; na bahari haimuulizi mtu kiwiko.

Meli ikapigwa mnada, wakapelekwa kwao usiku.
Hakuaga. Mwanzi aliuacha kwetu mlangoni,
umesimama, ncha chini.

Sasa mimi ni karani gati la kumi na moja, nahesabu makontena.
Kadzo alitupa miaka miwili, akaolewa Mariakani.
Mwanzi mamangu aliutwaa: wainua kamba ya nguo,
na leso zikiwa mbichi hupinda, hutetemeka
kama unaotaka kuondoka.

Juzi nimepita Makande. Nikahesabu, mtu mzima,
toka kwenye mstari ambao haupo.
Arobaini na nane.
Nilisimama pale na viatu vya kazi,
nikitafuta tundu.