Shubaka la Thelathini na Moja

Miaka kumi na tisa nilipanga barua Posta ya Kisumu:
mashubaka thelathini, kila moja na mfuko wake,
na la thelathini na moja, chini kabisa, halina jina.
Ukisoma anwani usiijue, itie humo.
Nairobi watajua.

Leo nimeketi na vijana wa rika la kitindamimba wangu,
ghorofani Kondele, juu ya duka la saruji,
miwani nimeifunga kwa uzi,
na Mwalimu Kageha, miaka yake ishirini na minne,
anachora ubaoni visanduku na mistari.
"Hii ni ruta. Haijui safari nzima.
Pakiti ikifika, husoma anwani,
hutazama jedwali lake,
humkabidhi jirani aliye upande wa kwao.
Basi."

Basi! Nikacheka peke yangu.
Barua ya Ndori mimi sikuifikisha Ndori.
Niliitia mfuko wa Bondo, nikakaza kamba, nikaisahau,
na wa Bondo alijua, au alimjua anayejua.
Hakuna aliyeibeba njia yote kichwani,
na bado ilifika,
ina tope na alama ya kidole gumba.

"Na kama anwani haimo kwenye jedwali?"
Obura ndiye aliyeuliza, yule wa kofia ya sufi.
Mkono wangu ukapanda kabla sijautuma:
"Shubaka la thelathini na moja."
Chaki ikasimama hewani.
"Haya, Mzee Ondiek, njoo utueleze."
Nikaeleza. Wakaandika. Mimi, wakaniandika!
"Vitabuni ni njia ya chaguo-msingi," akasema mwalimu,
"ila hili lako lina harufu ya gundi."

Alasiri tukafunga kebo.
Nikakosea mstari mmoja tu:
ruta ya dirishani ikadhani ya mlangoni inajua,
ya mlangoni ikadhani ya dirishani inajua.
Mpe wewe. La, mpe wewe.
Vitaa vya kijani vikapapatika, vikapapatika,
kisha pakiti ikapotea.
"Imekufa," akasema Kageha, bila huzuni.
"Kila pakiti huzaliwa na hesabu ya hatua zake.
Kila ruta hupunguza moja. Ikibaki sufuri, hutupwa,
isije ikazunguka milele na kuziba njia."

Nikakaa.

Mwaka wa tisini na mbili, bahasha ya buluu
ilitoka Nakuru, kwa Plista Achola wa Nyang'oma.
Nikaitia mfuko wa Siaya. Siaya wakairudisha.
Nikaitia tena, kwa ukaidi wa mtu mwenye kazi nyingi.
Mara nne.
Haikuwa na hesabu ya hatua, maskini,
ingezunguka hadi karatasi iishe.
Mara ya tano ndipo niliposoma taratibu, chini ya wino wa mihuri:
Nyang'oma ziko mbili.
Mimi nilikuwa na moja tu kwenye jedwali langu.

Jumamosi nikaibeba mwenyewe hadi ile ya Bondo,
barua pekee niliyowahi kuifikisha mwisho.
Alikuwa anaanika omena. Akajifuta, akafungua.
Alikuwa anaitwa hospitalini Nakuru, haraka.
Tarehe ilikuwa imepitwa na siku ishirini na sita.
Hakunitukana.
Alihesabu mihuri kwa ncha ya kidole,
tisa,
akasema asante kwa kuja.

"Mwalimu," nikauliza, darasa likikunja kebo,
"ikifia njiani, aliyeituma huambiwa?"
"Kwa kawaida huambiwa. Ruta iliyoitupa humwandikia:
imeishia kwangu, nami naitwa fulani."

Nami naitwa fulani.
Hilo nimeliandika daftarini, nikalipigia mstari
kwa mkono ule ule wa muhuri.
Kisha nikarudi kwenye ruta ya dirishani
kusahihisha palipokosewa.