Firigisi Imo

Ni rahisi, alisema Zuwena, jirani yangu hapa Isevya,
akiegemea ua wetu kana kwamba ua ni wake:
unachukua kuku, unamjaza, unamshona, unamwoka.
Hakusema kwamba kuku mwenyewe nimemlea tangu kifaranga,
analala chini ya cherehani yangu
akidonoa vipande vya vitenge akidhani ni punje.

Basi nilimkamata alfajiri, kabla sijampa jina.
Mtoto wa Zuwena akanichinjia.

Wali wa kiini, nilioepua mapema makusudi.
Uyoga wa porini uliokauka juu ya bati.
Karanga, nilizozitwanga kwa hasira kidogo.
Kitunguu, tangawizi, limau,
na asali ile nyeusi
ambayo bado inanuka moshi wa warina.
Maini nikayakata. Moyo nikaukata.
Nikafika kwenye firigisi.

Miaka kumi na tisa ndani ya nyumba hii
firigisi ilikuwa na mwenyewe.
Ilikaa peke yake kwenye kisosi cha bluu
na Maganga aliila mwisho, polepole,
watoto wakimhesabia anavyotafuna.
Sasa kisosi kipo kabatini, kimefunikwa,
na Maganga yuko ng'ambo ya reli;
mvua za miaka miwili zimempitia.
Leo wanakuja kaka zake, wa Urambo na wa Kaliua,
na hakuna hata mmoja
asiyejua kisosi kile kilipo.

Kisu kikasita. Mimi sikusita.
Nikaikatakata hadi ikawa sawa na mchele,
hadi mimi mwenyewe sikuitambua,
nikachanganya.

Nimeshona sare za shule tatu, nimeshona majoho ya kwaya,
huyu ndiye mteja wa kwanza asiyesema panabana.
Uzi mweupe, mishono tisa.
Nikampaka asali, nikamlaza kwenye sufuria pana,
makaa chini, makaa juu ya mfuniko,
nikakaa naye kama anayekesha na mtoto mwenye homa:
napunguza, naongeza, napunguza tena.
Treni ilisemwa saa saba.
Saa tisa, bado.
Saa kumi na moja nikasikia honi,
na kuku akajibu kwa kutoa mafuta.

Wakaingia na vumbi lao na gunia la karanga.
Pole zikapita, maji ya kunawa yakapita.
Nikamweka katikati ya mkeka,
tumbo limemtuna kama mheshimiwa.
Kapela, mkubwa wao, akamzunguka kwa macho,
akainua bawa, akachungulia.
"Shemeji, firigisi iko wapi?"

Tonge la Shija likasimama hewani.

"Imo."
"Imo wapi?"
"Kula, mtakutana njiani."

Akala. Wakala wote.
Kalunde, kitinda mimba wangu, ambaye hajawahi kuionja,
akatafuna kitu kigumu kidogo,
akaacha, akanitazama.
Nikamkonyeza.

Mara Kapela akatia vidole viwili mdomoni
akavuta uzi.
Akavuta. Haukuisha.
Nilishona tisa; nilifumua nane.
Nikangoja maneno, nikayapanga na majibu yake.
Akauinua kwenye mwanga wa taa.
"Ndio ule uliomshonea kanzu ya Idi?"
Ndio ule.
Kibunda hicho hicho, bado hakijaisha.

Akaukunja kwenye kidole,
akaufuta kwa leso, akautia mfuko wa shati,
kisha akasogeza sahani:
"Niongezee cha tumboni."

Tulikuwa tunakusanya mifupa
Zuwena alipotoa kichwa juu ya ua.
"Si nilikwambia? Rahisi!"

Nikampa mgongo.
Wa kuku, jamani.
Ndio uliokuwa umebaki.