Timazi

Tiketi dola arobaini na mbili. Baba angecheka:
"Kwa fedha hiyo napiga lipu vyumba viwili,
na rangi juu."
Lakini baba yuko Korogwe, chini ya udongo,
na mimi niko nje ya Tucson, saa nne asubuhi,
jua la Arizona limeshashika mwiko.

"Inamisheni vichwa," asema Marisela, anayetuongoza.
Msanifu Torvik alikuwa mfupi; milango aliikata
kwa kimo chake mwenyewe.
Tunaingia tumeinama kama waliokuja kuomba radhi:
Mjerumani mmoja mrefu, wanandoa kutoka Ohio, mimi.

Ndani, ubaridi.
Mawe ya jangwani yamekaa kwenye zege na sura zao,
hakuna aliyeyachonga yafanane.
Paa ni turubai. Mwanga unachujika
juu ya meza ya kuchorea, mzito, kama tui la kwanza.
Penseli saba. Kifutio kilicholika upande mmoja.
Miwani imekunjwa, kana kwamba mwenyewe
ametoka kidogo kupokea simu
tangu mwaka sitini na tatu.

Kwetu ufa usipozibwa hujengwa ukuta.
Hapa ufa umezungushiwa kamba nyekundu,
una na taa yake.

Marisela anaeleza nafasi, anga, kimya cha mlima.
Mimi natazama pembe.
Si kwa kupenda. Wengine huachiwa shamba,
mimi niliachiwa jicho.

Ukuta wa kaskazini umelala.

Navua kamba ya tiketi shingoni, nafunga funguo za gari,
nanyoosha mkono juu, naziachia.
Zinacheza, zinacheza,
zinatulia.
Nusu kidole. Naapa, nusu kidole kamili.

"Tafadhali usiguse, bwana."
"Sijagusa. Nimepima."

Anasogea, anafumba jicho moja.
Wenzetu wameshapita chumba cha pili.
"Babu yangu alibeba mawe haya," anasema,
sasa kwa sauti isiyo ya kazi,
"senti themanini kutwa.
Ukuta huu waliumalizia usiku. Torvik ndiye aliyeshika taa,
na mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka."

Jina la babu sikuliona popote kwenye kibao cha shaba.
Nilimuuliza. Eleuterio.
Nikalirudia mara mbili, lisinipotee njiani.

Kisha nikatoka bila kuinama.
Linta ikanigonga paji la uso.
Hiyo, walahi, iko sawa na maji.